Nilimvua mtoto nguo nione kifua chake, mtaa mzima ukasema mimi ndiye niliyemuua

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa mlimani.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi na wala sina haja, maana hata bila chumvi hayamezeki. Majina nimebadilisha, zahanati siitaji, na wanaonifahamu humu naomba wanyamaze.

Kilichonileta ni uzi wa jamaa mmoja aliyelalamika kwamba alimpeleka mwanae zahanati, "wakamvua nguo zote na baridi ile, karibu wamzidishie ugonjwa". Chini yake comments zimejaa. Wengi mmempa pole. Mmoja akaandika kabisa kwamba wahudumu wa hivyo ni wa kushtakiwa.

Nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi ni tabibu. Clinical officer, kwa wale wa vyeti. Nakaa Lemara mjini, kazi yangu iko zahanati moja ya mlimani, unapita Olmotonyi unaendelea kupanda. Kwa kuwa ni mwanamke, huku wote wananiita nesi. Zamani nilikuwa nawasahihisha, siku hizi naitika tu.

Siyo mwenyeji wa huku. Ni Mpare, na utani wenu wa Wapare na ubahili uwekeni kiporo kwanza mpaka nimalize. Kimaa changu, lugha ya wenyeji, ni cha kuombea maji.

Sasa kwa wale wa Dar ambao baridi mnaisoma kwenye simu, niwaeleze kidogo.

Kuanzia mwezi wa sita mlima unajifunika ukungu, na jua unasimuliwa na watu waliotoka mjini. Watoto wanaletwa wamefungwa hasa. Fulana, sweta, sweta jingine la kaka yake, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, halafu shuka, halafu kitenge cha kubebea. Kinachoonekana ni pua na macho. Ili umfikie mtoto inabidi umenye kama kitunguu.

Na siyo ujinga, tusidanganyane. Ningezaa kule, na mimi ningemfunga mwanangu hivyo hivyo.

Shida inaanza mtoto akishakohoa. Hapo hafunuliwi tena. Haogeshwi, mlango unafungwa, anawekwa karibu na moto pamoja na moshi wake. Wanasema baridi imeshaingia kifuani, ukimfunua unaifungulia njia nyingine iingie. Bibi wa nyumba ndiye mlinzi wa jambo hilo, na bibi akishasema, mke wa mwanae hana sauti.

Sasa sikilizeni kazi yetu ilivyo.

Kwa mtoto mdogo anayekohoa, kipimo kikubwa hakina mashine. Ni kuangalia. Unamfunua kifua akiwa ametulia, mama yake amempakata. Unahesabu anavyohema kwa dakika nzima. Unaangalia kama matundu ya pua yanatanuka. Halafu unashusha macho hapa chini, mbavu zinapoishia.

Mtoto mzima akivuta pumzi, pale panatoka nje. Mwenye nimonia kali akivuta pumzi, pale panaingia ndani. Panabonyea kila pumzi. Ukiona hivyo, na mtoto hawezi kunyonya, huyo siyo wa kupewa dawa akanywee nyumbani. Huyo ni wa hospitali yenye oksijeni, na anatakiwa afike leo.

Alama hiyo haionekani juu ya sweta. Kile kifaa tunachovaa masikioni hakikuoneshi. Inaonekana kwenye ngozi tu, kwa macho.

Basi. Msimu wa baridi mwaka juzi, asubuhi moja, akaja mama mmoja msichana tu, nimwite Mama Elia. Mwanae wa kwanza, mvulana wa miezi kama mitano. Aliletwa na mama mkwe wake. Huku bibi tunamwita koko, na huyu wote mlimani walimwita koko hata wasiokuwa wajukuu zake. Mama wa kanisani, mkulima wa kahawa na ndizi, mtu anayeheshimika. Akisimama kwenye mkutano watu wanakaa.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia mtoto ana mafua, nimpe dawa ya maji waondoke kabla mvua haijashuka.

Nikamwangalia mtoto usoni. Pua zilikuwa zinatanuka, na kila akitoa pumzi kulikuwa na kamlio kadogo. Nikamwuliza mama yake, ananyonya?

Koko ndiye aliyejibu. "Ananyonya."

Mama Elia alikuwa anatazama miguu yake.

Nikasema naomba tumvue. Koko akashika pindo la shuka. "Nesi, huyu hatumvui. Baridi ndiyo imemleta hapa, na wewe unataka kuiongeza?"

"Koko, nikimpima juu ya nguo nitakuwa nakudanganya."

"Wenzako wanapima hivyo hivyo."

Hapo alisema kweli, na iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Dirisha la chumba changu halifungi vizuri, nikaliziba kwa khanga yangu. Nikasugua mikono mpaka ikapata moto. Nikamwambia Mama Elia amvue yeye mwenyewe, akiwa amempakata, mimi nitaangalia tu. Akamtazama mkwewe. Koko akageukia ukutani. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Ikatoka shuka, yakatoka masweta, ikapanda fulana.

Kifua kilikuwa kinabonyea vibaya sana wakuu. Nimeona vingi, lakini kile ungeweza kukiona ukiwa umesimama mlangoni. Na titi alipowekewa mdomoni aliliacha.

Nikamwita koko aone mwenyewe, maana nilijua bila yeye rufaa ya kwenda hospitali haitoki. Nikamwonesha kwa kidole, angalia hapa, akivuta pumzi panaingia ndani. Nilidhani macho yatamaliza ubishi.

Koko akaangalia. Akaangalia kwa muda. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Umeona sasa ulichofanya. Umemwachia baridi, kifua kinakimbilia ndani."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kimaa changu kibovu, nikamwita mhudumu wetu ambaye ni mwenyeji akaeleza kwa Kimaa kizuri. Koko alikuwa anamfunga mjukuu wake haraka haraka.

Na hebu mwelewe na ninyi. Kwa alivyojua yeye, kifua cha Elia hakuna aliyekiona tangu mtoto augue. Mara yake ya kwanza kukiona kinabonyea ilikuwa chumbani kwangu, muda huo huo nilipomfunua. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi: mtoto alikuja na mafua, nesi akamvua, kifua kikaanza kuingia ndani. Alishuhudia. Utambishiaje mtu kitu alichokiona?

Nikampiga mtoto sindano ya kwanza. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka mjini na mama mjamzito, kwa hiyo nikaita bodaboda ninayemwamini. Nikampigia baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea vyuma kule Themi, akasema anaacha kazi sasa hivi, atawasubiri getini hospitali. Nikamwambia Mama Elia mnashuka moja kwa moja, msisimame popote. Akaitikia kwa kichwa.

Foleni ilikuwa imejaa na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa zamu. Sikuweza kwenda nao.

Mchana simu ikaita. Baba Elia. "Dokta, niko getini. Mbona siwaoni?"

Nikajua wako wapi. Kila aliyewahi kufanya kazi huku angejua. Walipitia nyumbani kumpasha mtoto moto kwanza, ili baridi niliyomwingiza mimi itoke kabla ya safari.

Nikamwambia baba mtu awapigie. Akapiga, simu ya mkewe haikupokelewa. Nikamtuma mhudumu wetu akakimbia huko kwao. Aliporudi alikaa tu kwenye benchi akavua kitambaa cha kichwa.

Elia alikufa amepakatwa na bibi yake, pembeni ya moto, amefungwa vizuri.

Kuna watu watauliza, angefika hospitali angepona? Sijui. Ninachojua ni kwamba kule kulikuwa na oksijeni na nyumbani kulikuwa na moshi.

Incharge wetu, mkuu wa zahanati, alinikataza nisiende msibani. Nikaenda. Mimi nilimshika yule mtoto, ningekaaje nyumbani.

Nilikaa nyuma na akina mama wengine. Wakati wa kueleza ugonjwa wa marehemu, mzee mmoja wa ukoo alisema kwa kifupi kwamba mtoto aliugua kifua. Koko akasimama. Hakunitaja jina na hakunitukana. Alieleza tu alichokiona, kwamba walikwenda zahanati mtoto akiwa na mafua, akavuliwa nguo penye baridi, na kifua kikaanza kuingia ndani palepale mbele ya macho yake. Akakaa.

Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Ningesema nini mimi? Nisimame kaburini nimwambie bibi aliyefiwa kwamba yeye ndiye aliyekosea? Mama Elia alikuwa amekaa mkekani, shuka hadi puani, hakuniangalia kabisa.

Kuanzia hapo wakuu, kazi yangu iliharibika.

Akina mama wakawa wanakuja na watoto wamefungwa kuliko zamani, halafu wanashikilia pindo kwa ngumi. "Nesi, mpime hivyo hivyo." Wengine wakaacha kuja, wakawa wanashuka duka la dawa kununua dawa ya kikohozi ya maji. Nimeombwa nisikilize kifua juu ya masweta mawili na koti la jinzi. Koti la jinzi, kwa mtoto wa miezi saba.

Incharge akaniita. Siyo mtu mbaya, ila amechoka zamani. Akasema, "Dada, wewe unajua vitabu, mimi nawajua hawa watu. Pima juu ya nguo, toa dawa, andika, tusije tukachomewa jengo."

Nilijaribu njia zote. Nikawa nawaambia wafunue kidogo tu huku mtoto ananyonya. Wachache walikubali, wengi hapana. Siku ya kliniki nikawaonesha video kwenye simu, mtoto kifua kinabonyea, ili wajue alama wakiwa nyumbani. Walitazama kwa makini sana. Mmoja akasema, "Si huyo naye wamemvua." Wenzake wakaguna kwa masikitiko.

Nilicheka siku ile. Nilicheka peke yangu chooni mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena.

Kuna mtoto mmoja nilimpima akiwa ndani ya shuka, mama yake kakataa katakata. Sijui alikuwa na nini. Nilimwambia arudi baada ya siku mbili, hakurudi. Mtoto asiporudi kuna maana mbili, amepona au amekufa, na mimi nikiwa njiani kurudi Lemara huwa naziwaza zote mbili.

Hayo nimeishi nayo. Sasa niwape la wiki iliyopita, ambalo ndilo limenimaliza.

Koko alikuja tena. Mama Elia amejifungua mtoto mwingine, wa kike, na naye kaanza kukohoa. Benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama. Koko akakaa nao, goti linamsumbua siku hizi, akamwambia mkwewe aingie peke yake. Kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Asivuliwe."

Mama Elia akaingia. Akafunga mlango. Akasukuma komeo.

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamlaza mtoto mezani anamfungua. Shuka, sweta, fulana juu. Mikono inakwenda mbio.

"Mwangalie haraka, dada."

Nikaangalia. Nikahesabu. Kifua kilikuwa kinatoka nje vizuri, pua zimetulia, na mtoto kashika kidole changu anakivuta mdomoni. Mafua ya kawaida. Nikamwambia mama yake mshukuru Mungu, huyu ni mzima.

Akaanza kumfunga tena. Akiwa ameinama hivyo hivyo, akasema, "Cha Elia nilikiona nyumbani."

Nikauliza, ulikiona nini?

"Kinaingia. Alitapika maziwa usiku, alfajiri nikambadilisha fulana koko akiwa nje anakamua ng'ombe. Kilikuwa kinaingia hivyo hivyo ulivyotuonesha. Nikamfunika."

Nikakaa kwenye kiti.

Zaidi ya mwaka mzima wakuu. Mlima mzima unasema nesi ndiye aliyekibonyeza kifua cha mtoto kwa baridi, na mtu mmoja anajua kwamba kilikuwa kinabonyea kabla hata hawajatoka nyumbani. Na huyo mtu ni mama yake.

Nikamwuliza, kwa nini hukusema? Niliuliza kwa hasira, siwafichi. Sauti ilinitoka vibaya hadi mtoto akashtuka.

Akanijibu taratibu. "Ningemwambia nani? Koko alisema kimeanza hapa. Nikisema nilikiona nyumbani, nimemwita mwongo mbele ya ukoo. Na wataniuliza kwa nini nilimfunua mtoto mgonjwa. Watasema basi aliyemuua ni mimi."

Nikamsaidia kuvuta sweta la mtoto.

Alipomaliza kumfunga akambeba mgongoni. Akashika komeo, akasita. "Koko akikuuliza, sema hukumvua. Akijua, sitaruhusiwa kumleta tena."

Tukatoka. Koko akanyanyua uso.

"Nesi, hujamvua?"

Nilikuwa na sekunde chache tu za kufikiri. Nikisema ukweli, huyu binti anakwenda kuadhibiwa, na siku mtoto wake akiugua kweli hataletwa. Nikidanganya, hawa wengine wote wamekaa wanasikiliza.

"Sijamvua, koko."

"Na umemwona ana nini?"

"Mafua tu."

Koko akatikisa kichwa kwa furaha kabisa. Akawageukia wale akina mama, akawaambia, "Mnaona? Kumbe anaweza kupima bila kuvua. Alikuwa hataki tu."

Akanishika mkono. Akanisamehe, wakuu. Mbele za watu, akaniombea baraka kwa Kimaa, na akina mama wote wakaitikia. Nilikuwa nangoja msamaha huo tangu siku ya maziko, na nilipoupata nilitamani ardhi inimeze.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba kujua alama ya ugonjwa ni kitu kimoja, na kuruhusiwa kuiona ni kingine. Chuoni walitufundisha la kwanza tu.

Kwa hiyo wewe uliyeanzisha ule uzi, na ninyi mliompa pole, sina ugomvi nanyi. Nawaomba kitu kimoja. Mtoto akikohoa, funga dirisha, mpakate, mpandishe fulana akiwa ametulia, umwangalie chini ya mbavu anavyovuta pumzi. Panapoingia ndani, au akishindwa kunyonya, ondoka hapo ulipo uende hospitali, usipitie popote. Na mhudumu akikuomba umfunue, mfunue. Aliyeomba hivyo walau anataka kuona.

Mimi nimekata tamaa, nasema wazi. Nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho na kuifuta mara nyingi tu. Sijui nikiondoka atakuja nani, na nikibaki sijui nabaki kufanya nini.

Karibuni mseme chochote, hata wa kunilaumu kwa ule uongo waje, nitawasoma wote. Wenye uzoefu wa huku mlimani nisaidieni kweli, hawa watu niwaingie vipi?

Maana jana walikuja watoto wengi wenye kikohozi. Wote wamefungwa mpaka puani. Na kila mama aliyeingia aliniambia maneno yale yale, kwa upole na kwa imani kabisa: "Nesi, mpime kama ulivyompima mjukuu wa koko."